Daftari la Silaha

Saa kumi na moja alfajiri ukungu umelala juu ya Manizales
kama paka asiyetaka kufukuzwa kitini.
Nafungua sanduku la chuma kwa funguo mbili,
mmoja wangu, mmoja wa polisi aliyetumwa kunisimamia,
ambaye tangu Jumatatu anasinzia, kikombe cha kahawa mkononi.

Naandika: bastola ya tumbo la duara, moja.
Kitako cha mti wa jozi, kimelika pale gumba linapokaa.
Hii ni ya Fermín, mkuu wa watekaji,
ambaye nje ya kamera huomba radhi hata akikanyaga kivuli cha mtu.
Naandika: shotigani iliyokatwa mtutu, moja. Imezibwa kwa risasi iliyoyeyushwa.
Naandika: bunduki za mpira, nane,
za wale wanaosimama nyuma, migombani,
wasio na jina wala neno la kusema.
Ukizikunja hurudi taratibu, kama ulimi wa ng'ombe.
Hatua ishirini mbali, zinaua kama nyingine yoyote.

Yuliana ana miaka tisa. Ndiye anayetekwa.
Kabla ya kila picha naliweka wazi tumbo la bastola mbele yake,
naye anachomeka kidole chake cha mwisho, tundu kwa tundu,
hadi sita,
kisha ananusa kidole: "Mafuta tu, doña Nohemí."
"Mafuta tu," namjibu. Ndicho kiapo chetu.

Mwongozaji analalamika, mtoto haogopi.
Fermín amenguruma, amemwekea mtutu shavuni,
na mtoto anamtazama kama anayengoja zamu kwa kinyozi.
Nimemharibu, anasema. Nimemwonyesha matundu yote.

Basi nikamwambia, sijui kwa nini nikamwambia,
kwamba siku walipomchukua baba yangu,
mwaka ule wa mvua iliyoozesha buni mitini,
hakuna aliyeona bunduki.
Mtu aliingia dukani amejifunika ruana, sufu nzito hadi magotini,
na chini ya sufu palikuwa na nundu.
Hiyo tu. Nundu.
Akasema, "Don Abelardo, tutembee kidogo,"
na baba akafunga droo ya pesa,
akavua aproni, akaikunja mara nne,
akatembea.
Mama alikuwa anapima mchele. Akaendelea kupima.
Mwenye macho haambiwi tazama,
lakini sisi tulikuwa na macho, na hatukutazama.

Miaka thelathini na miwili naijaza ile nundu.
Usiku mmoja ni bastola. Usiku mwingine ni kipande cha bomba,
ni gunzi la hindi,
ni ngumi yake mwenyewe iliyokufa ganzi kwa baridi ya milimani.
Nimejifunza kila chuma kinachoweza kukaa pale,
uzito wake, mlio wake, harufu yake ikishapoa,
mpaka ikawa kazi, nikapewa leseni na muhuri.

Mwongozaji alisafisha miwani kwa ncha ya shati.
"Ni nzuri hiyo," akasema, "lakini watu hununua tikiti kwa bunduki.
Kwenye bango lazima ionekane."
Picha ya saba. Mtutu. Shavu.
Yuliana akapiga mwayo.

Jioni narudisha: bastola moja, ingali na joto la kiganja cha Fermín.
Shotigani moja. Za mpira nane,
mojawapo ina alama za meno
(mbwa wa mpishi, au mmoja wa wale wasio na jina, njaa ikimsumbua).
Polisi anaamka, anageuza ufunguo wake.
Jumla kumi. Natia sahihi.

Yuliana amesimama mlangoni, koti juu ya nguo za mateka,
kamba bado imening'inia kwenye kifundo.
Kumbe alisikia.
"Na ile ya baba yako?" anauliza.
Ameinua kidole chake cha mwisho hewani,
anatafuta tundu.